Shajara ya mradi: hesabu ya minara ya kusafisha hewa ya jiji, Delhi

3 Desemba

Mradi huu una swali moja: je, mtambo uliosimamishwa nje, mahali pa wazi, unaweza kusafisha hewa ya jiji kwa kiasi ambacho mapafu ya mkazi wa kawaida yatanufaika nacho? Nimelianza Delhi, ninakosomea uhandisi mitambo, kwa sababu hapa kuna minara iliyokwisha kujengwa na iliyokwisha kujadiliwa mahakamani. Januari 2020 Mahakama ya Juu ya India iliagiza minara miwili ijengwe, mmoja Connaught Place, katikati ya jiji, na mwingine Anand Vihar, upande wa mashariki. Wa kwanza ulizinduliwa Agosti 2021, wa pili ukafuata Septemba mwaka huohuo. Mtu anayetaka kujua kama teknolojia hii inafaa hana haja ya kukisia. Yapo maumbo yake, zipo tarakimu za feni zake, na zipo ripoti zilizowasilishwa baada ya majaribio.

Nimeamua kuiandika shajara kwa Kiswahili kwa sababu ya barua ya mhandisi mwenzangu wa Dar es Salaam, ambaye kamati anayoishauri imevutiwa na picha za minara hiyo. Aliandika hivi: "Kaka, wewe uko hukohuko kwenye mnara. Tuambie tuombe fedha au tuache, na utupe hesabu, si maoni." Ombi lake ni la haki, na kila nitakachoandika humu kitalenga kumpatia hesabu hiyo.

9 Desemba

Nilikwenda Connaught Place kuuona mnara. Una urefu wa takriban mita 24, na juu umevikwa paa pana lenye nafasi za kuingizia hewa. Hewa chafu huvutwa kutoka juu, hushuka ndani ya mnara, hupita katika vichujio 5,000 vilivyopangwa kwa tabaka, kisha husukumwa nje karibu na ardhi na feni 40, kumi kwa kila upande. Kila feni imesanifiwa kupitisha mita za ujazo 25 kwa sekunde, hivyo mnara mzima hupitisha mita za ujazo 1,000 kwa sekunde. Usanifu wake wa msingi ulitoka Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na wataalamu wa vyuo vya teknolojia vya India, IIT Bombay na IIT Delhi, walishirikishwa katika ujenzi na upimaji. Gharama yake ilizidi rupia milioni 200.

Nilipofika feni hazikuwa zikizunguka, na nilipata nafasi ya kuzitazama vizuri kutoka kwenye uzio. Jambo lililonishughulisha ni umbali wa kutoka zinapotemea hewa hadi barabarani. Kati ya mnara na njia ya magari hakuna ukuta wala kizuizi chochote. Mita ya ujazo iliyosafishwa hukutana mara moja na moshi wa magari, na kuanzia hapo haina namna ya kubaki safi. Wakati wa uzinduzi ilitangazwa kwamba mnara ungeboresha hewa katika eneo la kilomita moja kuuzunguka. Dai hilo ndilo nitakalolipima kwanza.

14 Desemba

Hesabu ya ujazo. Eneo la Delhi ni kilomita za mraba 1,483. Katika asubuhi za baridi hewa ya chini hufunikwa na tabaka la hewa yenye joto zaidi iliyokaa juu yake, na moshi hushindwa kupanda. Kimo cha hewa inayochanganyika kinaweza kushuka hadi mita mia chache tu. Nimechukua mita 300, kimo kinachoupendelea mnara, kwani mchana kimo hicho huwa kikubwa zaidi. Kilomita za mraba 1,483 zikizidishwa kwa mita 300 zinatoa mita za ujazo bilioni 445. Mnara mmoja ukifanya kazi usiku na mchana bila kusimama hupitisha mita za ujazo milioni 86.4 kwa siku. Ukigawanya, mnara huo utahitaji siku 5,150, yaani miaka 14, ili kuipitisha hewa yote ya jiji mara moja.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe inaidhuru zaidi hoja ya mnara. Inaichukulia hewa ya jiji kama dimbwi, ilhali ni mto. Upepo dhaifu wa mita moja kwa sekunde, ambao Delhi huuona sana Desemba na Januari, huvuka jiji lenye upana wa kilomita 40 kwa saa 11 hivi, na kinacholetwa nyuma yake ni hewa nyingine chafu kutoka Haryana, Punjab na Uttar Pradesh. Ili kila mita ya ujazo ipite katika kichujio walau mara moja kabla ya kutoka jijini, ingehitajika minara zaidi ya 11,000, tena ikiwa imepangwa kwa ustadi ambao haupo duniani, pasiwe na hewa inayopita kati ya mnara na mnara bila kuguswa.

Kwa hiyo nimeacha kuuliza mnara unasafisha hewa kiasi gani kwa siku. Ninauliza unasafisha sehemu gani ya hewa ambayo upepo unaipitisha mahali pale katika sekunde ileile. Uwiano huo, mtiririko wa feni kwa mtiririko wa upepo, ndio utakaokuwa kiini cha mradi.

15 Desemba

Nimeujaribu uwiano huo kwenye Connaught Place. Chukua dirisha la upana wa mita 100 na kimo cha mita 30, upepo ukipita kwa mita 2 kwa sekunde: mtiririko wake ni mita za ujazo 6,000 kwa sekunde. Feni za mnara hupitisha 1,000, na nikikadiria kwamba vichujio hunasa asilimia 70 ya chembe laini, yaani zile ndogo mno zinazopenya hadi ndani ya mapafu, ni sawa na mita za ujazo 700 zilizosafishwa kikamilifu. Punguzo la wastani ni asilimia 12 hivi. Lipanue dirisha liwe kilomita moja kwa mita 100 kwenda juu, ambalo ndilo eneo lililoahidiwa, na punguzo linashuka hadi chini ya nusu ya asilimia moja. Hakuna kipimahewa cha kawaida kinachoweza kuitofautisha tofauti hiyo na mabadiliko ya hewa yenyewe ya dakika hadi dakika.

Kisha nikalinganisha na taarifa rasmi. Mwaka 2023 kamati ya kudhibiti uchafuzi ya Delhi iliiarifu mahakama maalumu ya mazingira kwamba mnara uliweza kupunguza uchafuzi kwa asilimia 17, na hicho ni kiwango cha juu, ndani ya mita 100 tu. Hesabu yangu ya penseli na vipimo vya wataalamu vimeangukia mahali pamoja, jambo linalonipa imani kwamba uwiano huu unaweza kutumika hata kwa miji ambayo haijajenga mnara wowote. Mduara wa mita 100 una eneo la kilomita za mraba 0.0314, kuifunika Delhi nzima kwa miduara hiyo ni kuhitaji minara zaidi ya 47,000, na malipo yake yawe punguzo lisilofika hata moja ya tano.

22 Desemba

Nimehamia kwenye uzito, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, kwa sababu uzito unaeleweka hata kwa mtu asiyetaka kusikia habari za mita za ujazo.

Tuseme hewa ina mikrogramu 200 za chembe laini kwa mita ya ujazo, kiwango kibaya lakini cha kawaida kwa majira haya. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba wastani wa saa 24 usizidi 15, na kiwango cha India ni 60. Mita za ujazo 1,000 zina gramu 0.2 za chembe hizo. Asilimia 70 zikinaswa ni gramu 0.14 kila sekunde, na kwa siku nzima ni kilo 12. Nimeirudia hesabu hii kwa njia nyingine ili kuwa na hakika, na jibu halibadiliki: jengo la ghorofa nane kwa kimo, lenye feni 40 na vichujio 5,000, hukusanya kilo 12 za chembe laini kwa siku.

Sasa tuangalie upande wa wanaotoa moshi. Katika Punjab kuna takriban hekta milioni 3 za mpunga. Mashine za kuvunia huacha mabua yamesimama shambani, na mkulima ana majuma machache tu kati ya kuvuna mpunga na kupanda ngano. Muda huo ulibanwa zaidi na sheria ya mwaka 2009 iliyochelewesha kupandikiza mpunga hadi mvua zinapokaribia, kwa nia njema ya kuokoa maji ya ardhini. Mavuno yakasogea hadi mwisho wa Oktoba na Novemba, wakati upepo unapoanza kulala. Kiberiti ndiyo njia ya haraka na isiyo na gharama. Vipimo vilivyochapishwa kuhusu moshi wa mabua ya mpunga vinatofautiana, nami nimechukua gramu 8 za chembe laini kwa kila kilo ya mabua. Hekta moja yenye tani 5 za mabua hutoa kilo 40. Maana yake ni kwamba mnara mmoja unahitaji zaidi ya siku tatu za kazi mfululizo kukusanya uzito sawa na moshi wa hekta moja iliyochomwa kwa muda wa adhuhuri moja.

Ninaiandika tarakimu hii nikiwa na uchungu, kwa kuwa ufumbuzi wa hekta hiyo unajulikana: ipo mashine ya kupandia iitwayo Happy Seeder, inayopanda ngano moja kwa moja ndani ya mabua bila kuyachoma. Mkulima mdogo hushindwa kuinunua, na kuikodi katika siku zilezile ambazo majirani zake wote wanaitaka ni vigumu. Fedha ya kumkodishia ingezuia moshi usizaliwe, wakati fedha ya mnara hukimbizana nao ukiwa umekwisha kutawanyika.

28 Desemba

Umeme, kwa kifupi. Kusukuma mita za ujazo 1,000 kwa sekunde dhidi ya ukinzani wa paskali 250, kwa feni na mota zenye ufanisi wa asilimia 60, kunahitaji kilowati 417 hivi, yaani uniti 10,000 kwa siku. Vichujio vikianza kujaa, ukinzani hupanda na umeme hupanda nao. Gridi ya India hutegemea sana makaa ya mawe, na kila uniti huambatana na takriban kilo 0.7 za kaboni dayoksaidi. Ni tani 7 kwa siku kwa ajili ya kilo 12 za vumbi.

11 Januari

Tumefunga kipimahewa chetu cha leza kando ya kituo cha rejea, yaani kituo ambacho vipimo vyake hutumika kuvipima vifaa vingine, kwa ruhusa ya wenye kituo. Kipimahewa chetu ni kidogo, kinashikika kwa kiganja: kifeni huvuta hewa, mwale wa leza huimulika, na jicho la umeme huhesabu mwanga unaotawanywa na chembe. Udhaifu wake ni unyevu. Asubuhi za Januari, ukungu unapokuwa mzito, chembe hunyonya maji na kuvimba, na kifaa huyahesabu maji hayo kana kwamba ni uchafu. Bila kusahihisha jambo hili, mtu anaweza kuuwasha mnara alfajiri, kuuzima mchana, na kutangaza ushindi ambao kwa kweli umeletwa na jua lililokausha hewa.

Kituo cha rejea hupima kwa miali ya beta, na fundi alitufungulia kifuniko tukaona utepe wake. Ni utepe mwembamba wa karatasi nyeupe ya nyuzi za kioo, unaosogea hatua moja kila saa. Hewa hunyonywa kupitia sehemu ndogo ya mviringo, na chembe hubaki juu yake. Tuliuvuta kidogo tukazisoma saa zilizopita kwa macho matupu. Madoa ya alasiri yalikuwa ya kijivu hafifu. Ya saa tatu usiku yalianza kukolea, ya saa kumi alfajiri yalikuwa meusi kabisa, yenye kingo kali, na mwenzangu alipoligusa moja kwa ncha ya karatasi, ncha ikatoka na masizi yenye mafuta. Doa lile ni mabaki ya hewa ambayo watu wazima na watoto wachanga wa mtaa ule waliivuta katika saa ileile. Nilitamani kamati ya Dar es Salaam iuone utepe huo kabla ya kuona picha ya mnara wowote.

19 Januari

Leo nimeshughulikia mnara wa Xi'an, China, ambao hutajwa sana kama ushahidi kwamba wazo linafanya kazi. Ulijengwa mwaka 2016 chini ya uongozi wa mwanasayansi Cao Junji, na kimo chake ni takriban mita 60. Kanuni yake ni kinyume cha ule wa Delhi, na kwa maoni yangu ni nzuri zaidi: chini yake kuna banda pana la vioo, jua hulipasha joto, hewa yenye joto hupanda yenyewe ndani ya mnara na kupita katika vichujio, na umeme unaotumika ni kidogo. Ilitangazwa kwamba hupitisha mita za ujazo milioni 10 kwa siku na kupunguza chembe laini kwa asilimia 15 katika eneo la kilomita za mraba 10.

Sijaweza kuzipatanisha tarakimu hizo mbili. Kilomita za mraba 10 zenye kimo cha mita 100 tu ni mita za ujazo bilioni moja. Milioni 10 ni asilimia moja ya hizo, tena kwa siku nzima na bila upepo wowote. Kuna pia tatizo la majira: nguvu ya mtambo hutoka kwenye jua, na uchafuzi hufikia kilele usiku na katika siku za baridi ambazo jua ni hafifu.

Kilichoibadilisha hewa ya China kiko mahali pengine. Beijing ilikuwa na wastani wa mwaka wa mikrogramu 89.5 mwaka 2013, ulipoanza mpango wa kitaifa wa kusafisha hewa. Mwaka 2020 ilikuwa 38. Matanuri ya makaa ya mawe yalifungwa au kubadilishiwa nishati, viwanda vikafungiwa vichujio ndani ya mabomba yake ya moshi, magari ya zamani yakaondolewa barabarani. Kichujio ndani ya bomba la moshi hukutana na moshi uliokolea mno, usio na njia nyingine ya kupita. Teknolojia ni ileile ya mnara. Mahali ndipo panapotofautiana.

Nimeupitia pia mnara wa msanifu Daan Roosegaarde, wa mita 7, uliowekwa Rotterdam mwaka 2015 kisha Beijing mwaka uliofuata. Hupitisha mita za ujazo 30,000 kwa saa, ambazo ni 8.3 kwa sekunde. Naupa heshima kama kazi ya kuamsha watu, na siuingizi katika hesabu.

2 Februari

Gesi. Sehemu kubwa ya chembe laini za Delhi haitoki kwenye moto wowote ikiwa chembe. Huundika hewani kutokana na salfa dayoksaidi, oksidi za naitrojeni na amonia. Kichujio cha vumbi hakizinasi gesi hizo. Hewa iliyotoka safi mnarani hubeba ndani yake malighafi ya chembe za kesho.

16 Februari

Mahandaki ya barabara yananipa mfano wa upande wa pili, kwa kuwa humo uwiano wangu unageuka. Katika njia ya Central–Wan Chai, Hong Kong, iliyofunguliwa mwaka 2019, mitambo ya kusafisha hewa inaweza kushughulikia mita za ujazo milioni 5.4 kwa saa, yaani 1,500 kwa sekunde, karibu sawa na mnara mmoja na nusu wa Delhi, na imesanifiwa kuondoa walau asilimia 80 ya chembe na naitrojeni dayoksaidi. Handaki la Lærdal nchini Norway, lenye urefu wa kilomita 24.5, lina mtambo wa kunasa vumbi kwa umeme tuli pamoja na kichujio cha kaboni. Ukuta huilazimisha hewa yote kupita panapotakiwa. Hata hivyo, jaribio la handaki la M5 East, Sydney, lilionyesha kwamba hata humo gharama inaweza kuzidi faida, kwa hiyo simshauri mtu yeyote aliruke hatua ya kupiga hesabu.

1 Machi

Nimetuma jibu la kwanza Dar es Salaam. Nimetumia mnara uleule na dirisha lilelile la mita 100 kwa 30, nikabadilisha upepo tu. Kusi au upepo wa bahari wa alasiri ukivuma kwa mita 5 kwa sekunde, mtiririko ni mita za ujazo 15,000 kwa sekunde, na punguzo linashuka kutoka asilimia 12 hadi chini ya 5, palepale chini ya mnara. Upepo huohuo unaoliponya jiji la pwani ndio unaoufanya mnara usiwe na kazi. Nimependekeza fedha zielekezwe kwenye vituo vichache vya kupimia hewa vyenye vifaa vya rejea, kisha kwenye mambo yanayojulikana bila kupimwa: taka zinazochomwa mitaani na moto wa mara kwa mara kwenye dampo la Pugu, mkaa jikoni, malori ya dizeli yaliyochakaa, na vumbi la barabara zisizo na lami.

Jibu lake lilikuja jioni: "Nimekuelewa kaka, ila wajumbe watauliza wawape nini wananchi cha kuona kwa macho mwaka huu." Sikulipuuza. Nimeanza kupiga hesabu ya darasa lenye mita za ujazo 200: likibadilishiwa hewa mara 5 kwa saa kupitia kichujio, linahitaji mita za ujazo 1,000 kwa saa tu. Uwezo wa mnara mmoja ungetosha madarasa 3,600. Kwa Delhi, ambako madirisha hufungwa wakati wa baridi, hesabu hii inasimama vizuri. Kwa Dar es Salaam haisimami hivyohivyo, maana darasa lililofungwa madirisha kwenye joto lile halikaliki, na dirisha likiwa wazi upepo unarudi kuwa mshindani wa feni.

Kazi inayofuata ni kutafuta sehemu zilizofungwa za Dar es Salaam ambamo uwiano unakubali: wodi za watoto zenye viyoyozi, chumba cha upasuaji, kumbi za kusubiria abiria. Nimemwomba aniletee vipimo vya urefu, upana na kimo vya wodi moja pamoja na idadi ya milango inayofunguliwa mara kwa mara. Kipimahewa chetu kitabaki kituoni Delhi hadi unyevu upungue, ili tupate kanuni ya kusahihisha itakayofaa pia hewa yenye unyevu ya pwani, kisha kitasafirishwa.